Maswali ya wasomaji: Steroidi ya puani na kinga ya mwili

Barua za safari hii tumezikusanya kwa sababu zote zinazungumzia kitu kimoja: kile kichupa cha steroidi cha kupuliza puani wanachopewa wenye mafua ya mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita. Wapo waliokitumia siku mbili tatu wakakitupa kabatini, na wapo ambao hawajakigusa kabisa kwa kuliogopa neno steroidi. Wanaojibu ni daktari wa masikio, pua na koo pamoja na mfamasia.

Nimepuliza siku tatu, sioni mabadiliko

*Habari za kazi. Kila mwaka mwezi wa tano, mvua zikianza kupungua, napiga chafya mfululizo tangu alfajiri, pua inawasha, na ikifika jioni imeziba kabisa. Mume wangu anasema ni mijakaranda ya jirani. Kliniki walinipa flutikasoni ya kupuliza. Nilipuliza siku tatu, sikuona kitu, nikarudia vidonge vyangu vya setirizini. Hii dawa inafanya nini hasa mwilini? – Mwalimu, Nairobi*

Mwalimu, uliiacha mapema mno. Ukielewa inavyofanya kazi utaona kwa nini siku tatu hazitoshi.

Tuanze na mijakaranda, maana inasingiziwa kila mwaka. Maua makubwa yenye rangi ya kuvutia huchavushwa na wadudu. Chavua yake ni nzito, inanata, na haisafiri mbali kwa upepo. Inayokusumbua baada ya mvua ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya nyasi, ukoka ukiwemo. Ua la ukoka hulioni hata ukilikanyaga, lakini chavua yake ni nyepesi na upepo huipeleka hadi chumbani.

Kinga ya mwili wako imeitambua chavua hiyo kama adui. Miaka iliyopita ilitengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi yake, na kingamwili hizo zimejipachika juu ya seli ziitwazo masti, zilizojaa kwenye utando wa ndani ya pua. Chavua ikitua juu yake, seli za masti hupasua vifuko vyake na kumwaga histamini ndani ya dakika chache. Hiyo ndiyo chafya yako ya alfajiri, muwasho na makamasi mepesi kama maji. Setirizini huzuia histamini isifike inakokwenda, kwa hiyo unapata nafuu ndani ya saa moja au mbili, nawe unaiona ndiyo dawa.

Ila kuna wimbi la pili. Kati ya saa 4 na 12 baadaye, seli zile zile pamoja na chembe nyeupe za damu za aina ya T huwa zimeshaita wenzao kwa kutumia kemikali za mawasiliano, hasa interlukini namba 4, 5 na 13. Wanaoitikia wito ni eosinofili, chembe nyeupe zinazomwaga sumu zake kwenye utando wa pua na kuufanya uvimbe. Ndiyo maana pua yako inaziba jioni, saa nyingi baada ya chavua kuingia, na setirizini haikusaidii sana kwa hilo.

Wimbi hilo la pili lina madhara mengine ambayo mgonjwa hayaoni. Linaifanya pua iwe nyepesi kushtuka. Mwaka 1969 daktari Mmarekani John Connell alieleza jinsi wagonjwa waliowekewa chavua puani siku kadhaa mfululizo walivyohitaji kiasi kidogo zaidi na zaidi ili wapate dalili zile zile. Kwa hiyo mwisho wa msimu chembe chache tu za chavua zinakuliza zaidi ya zilivyofanya chembe nyingi mwanzoni, na hata moshi wa jiko au manukato ya mtu aliyepita vinatosha kukuanzishia chafya.

Steroidi, yaani flutikasoni yako, inaingilia hapo. Haigombani na histamini iliyokwisha kumwagika. Inapenya ndani ya seli, inashikana na kipokezi chake, kisha vyote viwili vinaingia kwenye kiini cha seli, mahali zinapokaa jeni. Huko inanyamazisha jeni zinazotengeneza zile interlukini na kuamsha jeni zinazotuliza uvimbe. Seli zinaacha kuita wenzao. Eosinofili zilizokwisha kufika, zikikosa interlukini 5 ya kuzirefushia maisha, zinakufa. Baada ya wiki moja hivi ya matumizi ya kila siku, hata lile wimbi la kwanza hupungua, kwa sababu seli za masti zilizobaki kwenye utando wa juu ni chache.

Kubadilisha kazi za jeni huchukua muda. Mtu mwenye bahati huona dalili ya kwanza ya nafuu ndani ya saa 12, lakini nguvu kamili huja baada ya siku 7 hadi 14. Kipimo cha mtu mzima kwa flutikasoni ya mikrogramu 50 ni mipulizo 2 kila pua, mara moja kwa siku, yaani mikrogramu 200. Ukishatulia wiki kadhaa unaweza kushuka hadi mpulizo 1 kila pua. Usipulize siku unayojisikia vibaya tu, halafu ukaruka siku nne. Setirizini unaweza kuendelea nayo wiki ya kwanza wakati steroidi inajenga nguvu. Kama macho nayo yanawasha, ipe dawa mwezi mzima: pua ikitulia, macho nayo mara nyingi hutulia, kwa kuwa neva za pua na za macho zinapeana habari.

Mtoto wangu ana miaka 6. Haitamshushia kinga?

*Shikamoo daktari. Mwanangu ana mafua yasiyokwisha, analala mdomo wazi, anajisugua pua kwa kiganja kuelekea juu mpaka ana mstari puani. Tumeandikiwa mometasoni. Jirani ananiambia steroidi zinaua kinga, mtoto atapata kifua kikuu na hatakua. Chanjo zake je? – Mama wa watoto watatu, Dodoma*

Marahaba mama. Mstari huo wa puani ni alama ya mzio, umeutazama vizuri.

Jirani yako hakosei kuhusu steroidi za kumeza zinapotumiwa muda mrefu. Prednisoloni ya kidonge huingia kwenye damu na kuzipunguzia nguvu chembe za kinga mwili mzima. Ya puani inakaa mahali pake. Sehemu kubwa ya kila mpulizo hatimaye humezwa, lakini ini huisaga karibu yote kabla haijasambaa. Kwa flutikasoni na mometasoni, inayofika kwenye damu ni chini ya asilimia 2. Beklometasoni na triamsinoloni huingia zaidi, kwenye asilimia 40 na kitu, na kwa mtoto tofauti hiyo ina uzito. Daktari wenu amechagua vizuri.

Kinga inayotulizwa ni ile ya kwenye utando wa pua, tena hasa upande wake unaohusika na mzio. Uwezo wa mwanao kupambana na malaria, homa ya matumbo au nimonia hauguswi. Chanjo apewe zote kwa ratiba, hata ya surua ambayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Anayetakiwa kusubiri chanjo za namna hiyo ni yule anayemeza prednisoloni ya kiwango kikubwa, kwa mfano miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa muda wa siku 14 au zaidi.

Kuhusu kifua kikuu: dawa haikileti. Lakini kama mtoto, au mtu yeyote nyumbani, ana kikohozi cha wiki 2, homa za jioni, jasho la usiku au anapungua uzito, apimwe kwanza. Ugonjwa wa kifua kikuu ambao haujatibiwa na malengelenge ya jichoni ni sababu za kuahirisha dawa hii.

Ukuaji tunautazama kwa makini, hatuwezi kukuambia ni uzushi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulifuatilia watoto waliopuliza beklometasoni mara 2 kwa siku mwaka mzima. Walikua sentimita 5.0, wenzao waliopuliza dawa bandia wakakua sentimita 5.9. Kwa mometasoni, utafiti wa mwaka mmoja haukuonyesha kupungua huko. Kwa hiyo mpe mpulizo 1 wa mikrogramu 50 kila pua, mara moja kwa siku. Usiongeze hata akizidiwa. Mpime urefu kila baada ya miezi 3 hadi 6, uandike kwenye daftari la kliniki. Kama ana pumu na anavuta steroidi nyingine kwa mdomo, mwambie daktari, maana vipimo hivyo vinajumlishwa.

Inachuruzika kooni, na sasa natokwa damu

*Napuliza kila siku lakini naisikia yote inashuka kooni, chungu kama mwarobaini. Wiki hii nimeona damu kwenye leso. Niache? – Fundi cherehani, Tanga*

Fundi, tatizo lako karibu hakika ni mkono. Wengi hushika kichupa kwa mkono wa kulia na kupuliza pua ya kulia. Ukifanya hivyo ncha inaelekea katikati, kwenye ule ukuta mwembamba unaotenganisha matundu mawili. Ukuta huo una mishipa midogo ya damu iliyo karibu sana na juu, na dawa ikiupiga pale pale kila siku utakauka, upate michubuko, utoe damu. Kwa nadra sana hutoboka. Sehemu inayohitaji dawa ni mikunjo ya nyama iliyo pembeni, upande wa sikio.

Tikisa kichupa kwanza. Dawa hii haijayeyuka. Ni unga mweupe laini sana unaoelea majini, na kikikaa usiku kucha unga huzama chini. Asiyetikisa hapati kipimo kilicho sawa kila siku. Kichupa kipya pulizia hewani mpaka utoke ukungu mwembamba ulio sawa: nyingi za flutikasoni huhitaji mara 6, mometasoni mara 10. Ukikaa wiki bila kukitumia, rudia tena kwa idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya ndani.

Penga kamasi taratibu. Inamisha kichwa mbele kidogo, utazame vidole vya miguu. Usikiinue kichwa kuangalia dari, hapo ndipo dawa inapoteremka kooni. Mkono wa kulia kwa pua ya kushoto, mkono wa kushoto kwa pua ya kulia. Ingiza ncha kidogo tu, ielekeze kwenye kona ya nje ya jicho la upande huo huo, bonyeza mara moja huku unavuta pumzi kidogo kama anayenusa ua. Ukivuta kwa nguvu kama anayerudisha makamasi, dawa yote inapitiliza hadi tumboni. Toa pumzi kwa mdomo. Kaa dakika 15 bila kupenga.

Damu ikiwa ni michirizi tu kwenye leso, pumzisha pua iliyoathirika siku 2 au 3, paka vaselini kidogo kwa ncha ya kidole ndani ya pua usiku, kisha anza upya kwa mkono sahihi. Ikitoka kwa matone, inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia. Isiposimama, au ikirudi kila siku, au ukisikia mluzi puani ukivuta pumzi, nenda ukachunguzwe.

Na tafadhali, ncha ikiziba usiichokoe kwa sindano ya cherehani. Tundu likipanuka hata kidogo, ukungu unageuka mchirizi mmoja mkali unaopiga mahali pamoja. Ivue, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, ikauke, irudishe. Fanya hivyo kila wiki. Kichupa cha mipulizo 120 kinamtosha mtu mzima siku 30 kwa mipulizo 4 kwa siku. Baada ya hapo kitupe hata kama kinasikika maji, kwani kipimo kinachotoka hakiaminiki tena.

Niko kwenye ARV

*Nimesoma kwenye karatasi ya flutikasoni kwamba isitumike na dawa fulani za Ukimwi. Duka la dawa waliniuzia bila kuuliza. – Msomaji, Mombasa*

Asante kwa kusoma karatasi hiyo. Swali lako linaweza kuokoa maisha ya mtu mwingine anayesoma hapa.

Tumesema ini husaga flutikasoni karibu yote. Kazi hiyo inafanywa na kimeng'enya kimoja, CYP3A4. Ritonaviri na kobisistati zimewekwa makusudi kwenye baadhi ya michanganyiko ya ARV ili kukizuia kimeng'enya hicho, dawa nyenzake zidumu mwilini. Matokeo yake flutikasoni nayo inadumu na kujilimbikiza, na ile dawa ya puani inakuwa sawa na kumeza steroidi kila siku. Uso unakuwa wa duara, mafuta yanajikusanya mgongoni chini ya shingo, ngozi inachubuka kirahisi, sukari na presha vinapanda. Wakati huo tezi za juu ya figo zinaacha kutengeneza steroidi asilia ya mwili.

Angalia dawa zako. Ukiwa kwenye TLD, yaani tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, mgongano huu haupo, endelea. Ukiwa kwenye atazanaviri au lopinaviri pamoja na ritonaviri, flutikasoni haikufai, na budesonidi na mometasoni nazo zinapitia njia hiyo hiyo. Mbadala unaopendekezwa ni beklometasoni, ambayo haitegemei sana kimeng'enya hicho. Kama umeshaitumia flutikasoni wiki nyingi, usiiache ghafla na wala usiguse ARV. Nenda kliniki yako kwanza, kwa sababu tezi zilizolala zikinyimwa steroidi kwa siku moja mwili unaweza kuporomoka: kutapika, presha kushuka, kuzimia. Itrakonazoli, dawa ya fangasi, ina mgongano wa aina hiyo hiyo.

Matone yanayofungua pua papo hapo

*Natumia matone ya zailometazolini mwaka wa pili. Bila hayo silali. Steroidi haifungui kama hayo. – Dereva wa lori, Morogoro*

Matone hayo hubana mishipa ya damu puani, hayatulizi kinga hata kidogo. Nguvu zikiisha mishipa inavimba zaidi ya mwanzo, unaweka tena, na ndivyo ulivyofika mwaka wa pili. Hayatakiwi kuzidi siku 5.

Anza steroidi pua zote mbili kila asubuhi. Baada ya wiki moja acha matone kwenye pua moja tu, nyingine endelea nayo usiku ili upate usingizi. Ile iliyoachwa itaziba vibaya kwa siku kadhaa, vumilia. Ikifunguka yenyewe, acha na ya pili. Maji ya chumvi yanasaidia: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa, osha pua, subiri dakika 10, ndipo upulize steroidi. Ukiosha baada ya kupuliza unaitoa dawa.

Sindano moja kwa mwaka si rahisi zaidi?

*Kuna zahanati wanachoma sindano ya mzio, unakaa msimu mzima bila chafya. – Mfanyabiashara, Mwanza*

Mara nyingi huwa ni triamsinoloni ya kukaa mwilini muda mrefu, au deksamethasoni. Inafanya kazi, hilo hatulikatai. Lakini ikishaingia kwenye msuli haiwezi kutolewa, inashusha kinga ya mwili mzima kwa wiki kadhaa, na inaweza kupandisha sukari, kuamsha kifua kikuu kilicholala na kudhoofisha mifupa kwa anayechomwa kila mwaka. Kwa mafua ya chavua bei hiyo ni kubwa mno. Tunawasihi msikubali.

Muscat, kabla msimu haujaanza

*Niko Oman miaka mingi. Hapa ninaumwa miti ikitoa maua, nikija Mombasa napona. Nianze lini? – Msomaji, Muscat*

Mmojawapo wa washukiwa huko ni mti wa Prosopis juliflora, ambao Wakenya wanaujua kwa jina la mathenge. Chavua yake ni chanzo cha mzio kinachojulikana katika nchi nyingi za Ghuba. Kumbuka mwezi ulioanza kuumwa mwaka jana, rudi nyuma wiki 2, hiyo ndiyo tarehe ya mpulizo wa kwanza. Ukianza kabla ya chavua, lile wimbi la pili halipati nafasi ya kuishtua pua. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba steroidi ya puani ilizuia hata ile IgE ya chavua ya gugu liitwalo ambrosia isipande kama inavyopanda kila msimu. Haikufuta IgE iliyokuwepo. Ndiyo maana ukiacha, mzio unarudi. Inayobadilisha mwelekeo wa kinga yenyewe ni tiba ya kuizoesha kwa dozi ndogo za chavua, iliyoanzishwa na Leonard Noon mjini London mwaka 1911, na huchukua takriban miaka 3.

Kichupa usikiache ndani ya gari kwa joto la huko. Kikae chini ya nyuzi 30, na kisiwekwe kwenye friza.

Kabla ya kipimo cha ngozi

*Nimepangiwa kuchomwa chomwa mkononi kupima mzio wiki ijayo. Niache kupuliza? – Mwanafunzi, Kampala*

Endelea kupuliza, haiharibu kipimo hicho. Ya kuacha ni setirizini na dawa zote za jamii yake, piritoni ikiwemo, siku 7 kabla. Kama umemeza leo asubuhi, waombe wakusogezee tarehe.